Kifafa: Hatari huanza siku dozi inapokatishwa

Mgonjwa wa kifafa anayehama kutoka Afrika Mashariki kwenda Toronto hukuta mji wenye madaktari bingwa na vipimo ambavyo wilaya nyingi za nyumbani hazina. Hata hivyo, tatizo kuu alilolikimbia linaweza kumfuata hadi Canada, nalo ni kukatika kwa kidonge cha kila siku.

Dawa za kifafa haziondoi chanzo cha ugonjwa. Huzuia mgonjwa asianguke maadamu zimo mwilini kwa kiwango cha kutosha. Zikiachwa ghafla, hasa fenobabitoni, mgonjwa anaweza kupatwa na degedege la mfululizo ambalo huweza kumuua.

Kwa sababu hiyo, mafanikio ya tiba hii hutegemea sana mtu anayeonana na mgonjwa mara kwa mara. Katika zahanati za Tanzania na katika kliniki za Toronto, mtu huyo aghalabu ni muuguzi.

Dawa ya zamani, pengo la leo

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 kati yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa mujibu wa shirika hilo, hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini katika nchi maskini, robo tatu ya wagonjwa hawapati tiba.

Bei peke yake haielezi pengo hilo. Fenobabitoni imetumika tangu mwaka 1912, na tiba ya mwaka mzima inaweza kugharimu dola 5 tu za Marekani.

Ushahidi upo Afrika Mashariki kwenyewe. Utafiti uliofanywa Nakuru, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1991, uliwahusisha wagonjwa 302 waliotibiwa kupitia huduma za afya za msingi. Ulilinganisha fenobabitoni na kabamazepini, na zaidi ya nusu ya wagonjwa walioendelea na tiba waliacha kuanguka, bila tofauti kubwa kati ya dawa hizo mbili.

Funzo la Mahenge

Funzo zito zaidi linatoka Mahenge, mkoani Morogoro. Huko daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, ambaye baadaye alihamia Canada, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwaka 1992, yeye na daktari Henry Rwiza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 kwa miaka 30. Zaidi ya nusu walikuwa wameacha kuanguka walipokuwa kwenye tiba. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kufariki, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusishwa na kifafa chenyewe: degedege lisilokoma, kuzama majini na kuungua moto.

Toronto na gharama ya kidonge

Mtu angedhani mambo ya namna hiyo hayawezi kutokea Ontario, jimbo lenye bima ya afya ya umma. Lakini bima hiyo, OHIP, hulipia daktari na hospitali. Kwa kawaida hailipii dawa anazonunua mtu mzima dukani.

Wenye umri wa miaka 65 na zaidi wana mpango wao, na vijana walio chini ya miaka 25 wasio na bima binafsi wana wao. Waombaji hifadhi wako chini ya mpango wa serikali ya shirikisho. Anayebaki njia panda ni mfanyakazi wa makamo ambaye ajira yake haina bima. Mpango wa Trillium humsaidia, lakini kwanza hutakiwa kuchangia takriban asilimia 4 ya mapato ya kaya yake. Sheria ya dawa ya shirikisho ya mwaka 2024 ilianza na kisukari na uzazi wa mpango, si kifafa.

Kuna pia hofu ya leseni. Ontario huwalazimisha madaktari, na wauguzi wenye mamlaka ya kuandika dawa, kumripoti dereva ambaye ugonjwa wake unahatarisha usalama barabarani. Kwa anayeendesha teksi au lori, kukiri kwamba ameanguka ni kuhatarisha riziki. Akificha, dozi yake hupangwa kwa taarifa zisizo za kweli.

Maswali ya muuguzi

Muuguzi makini basi huuliza zaidi ya jina la dawa. Je, vidonge vimebaki vya siku ngapi? Nani anavilipia? Je, mgonjwa anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI au vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo kabamazepini na fenobabitoni huweza kuvipunguzia nguvu? Je, ni mwanamke anayeweza kupata mimba? WHO inashauri kundi hilo lisipewe valproeti, kwa sababu ya madhara kwa mtoto aliye tumboni.

Ramadhani nayo ina swali lake. Inapoangukia majira ya joto, kama ilivyokuwa mwaka 2015 hadi 2018, mfungo wa Toronto huzidi saa 16. Anayetumia dawa mara mbili kwa siku hujikuta na pengo refu kati ya daku na futari, na kukosa usingizi kwenyewe huchochea kuanguka. Dini imemruhusu mgonjwa kutofunga. Anayechagua kufunga anahitaji kupangiwa dozi upya kabla mwezi haujaandama.

Mwaka 2022 mataifa wanachama wa WHO yaliidhinisha mpango wa kupambana na kifafa na maradhi mengine ya mishipa ya fahamu hadi 2031. Iwapo utafanikiwa, hilo litaonekana kwanza kwenye rafu ya zahanati na katika daftari la muuguzi, pale jina la mgonjwa aliyekosa kuja kuchukua dawa linapotambuliwa mapema, naye akatafutwa kabla hajaanguka.