Anayechagua Risasi Siye Atakayekutana na Nyati

Mwezi uliopita, katika hosteli yetu hapa Mbarara, ulizuka mjadala uliodumu hadi taa zikazimwa. Swali lilikuwa hili: mtu akiruhusiwa bunduki moja tu ya kuwindia wanyama wakubwa kwa wadogo, achague ya risasi gani? Kundi la kwanza lilisema risasi ndogo inatosha, mradi mwindaji awe na shabaha. Kundi la pili lilisema achukue kubwa kuliko zote, kwa sababu nyati hana simile. Mimi nasema makundi yote mawili yamekosea, tena kwa sababu moja. Yote yalimfikiria mwenye bunduki peke yake.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana sisi ni wanafunzi wa Kiswahili. Neno "risasi" tunalitumia kwa mambo matatu: madini ya risasi, kile kichwa kinachoruka, na kitu kizima chenye ganda, baruti na kichwa. Hapa nitasema "risasi" kwa kitu kizima, na "kichwa" kwa kile kinachomfikia mnyama. Kuchagua risasi, basi, ni kuchagua upana wa kichwa, uzito wake na kasi yake kwa pamoja.

Mtaniuliza: wewe mtoto wa Misiera, uliyelelewa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, unajua nini kuhusu uwindaji? Sijawahi kufyatua bunduki, na wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Kongo kwa kukimbia bunduki. Lakini likizo mbili nilifanya kibarua katika ranchi moja upande wa Ziwa Mburo, ambako wageni hulipa ili wawinde. Kazi yetu vibarua ilikuwa kubeba, kuchuna na kukata nyama. Anayechuna huona tundu la kuingilia na tundu la kutokea, na huona pia pale ambapo tundu la kutokea halipo.

Siku moja mgeni alimpiga punda milia tumboni kwa bunduki nyepesi aliyoisifu sana asubuhi ile. Mnyama aliruka, akakimbia. Damu ilikuwa matone machache, kisha ikakatika. Tulimfuata hadi jua likazama. Mgeni alirudi kambini kula chakula cha jioni. Kesho yake kijana mchungaji, akiwa peke yake na fimbo, alimkuta punda yule vichakani kwa kufuata tai. Sote tulisema ahsante Mungu ni punda milia. Angekuwa nyati, yule kijana ndiye angelipa kwa mguu wake au kwa roho yake.

Sasa nawajibu wa kundi la kwanza. Shujaa wao ni W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda hii yetu, mwanzoni mwa karne iliyopita. Ni kweli Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa risasi ya milimita 7, ambayo kichwa chake kina gramu 11 hivi. Lakini wenzangu wanasimulia nusu ya habari. Bell alichunguza fuvu la tembo hadi akajua ubongo ulipo kutoka kila upande. Alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, vinavyopenya mfupa bila kupinda njia. Uwindaji ndio ulikuwa kazi yake ya kila siku, miaka na miaka. Kumlinganisha na mgeni aliyeshuka Entebbe juzi ni kama kusema kila mtu avuke Rwizi kwa kamba kwa kuwa mcheza sarakasi aliweza. Kanuni haitungwi kwa ajili ya fundi mmoja. Hutungwa kwa ajili ya yule ambaye mkono utamtetemeka.

Kundi la pili nao wasishangilie. Wao wanataka .458 Winchester Magnum, yenye kichwa cha gramu 32 hivi. Sikatai, kwa nyati wa karibu, risasi hiyo ni ya kutisha. Lakini teke lake begani ni kama mara tatu ya .30-06 ya kawaida. Mtu anayeliogopa teke hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa, na hapo ndipo tumbo linapopigwa badala ya moyo. Tena kichwa kile kizito huenda polepole, na kupita mita 150 kinashuka haraka. Ukiwa na bunduki moja tu, swala pala aliye upande wa pili wa bonde utampigaje? Ukubwa peke yake haumfanyi mnyama afe upesi. Anakufa upesi anapopigwa mahali panapostahili.

Jibu langu ni .375 Holland & Holland Magnum, iliyotolewa London mwaka 1912. Ina zaidi ya miaka mia moja na bado inauzwa, na hilo si kwa bahati. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 19 hivi na hutoka kwa mita 770 kwa sekunde. Chukueni nusu ya uzito, mzidishe kwa kasi mara kasi, mtapata jouli kama 5,700. Ile ya Bell, kwa mita 700 kwa sekunde, inatoa kama 2,700. Kwa hiyo .375 ina zaidi ya maradufu ya nguvu ya Bell, huku teke lake likiwa kama mara mbili tu ya .30-06. Mtu wa kawaida anaweza kulizoea kwa mazoezi.

Tena inabadilika kulingana na kazi. Kwa punda milia, kuro, ngiri au swala pala, unaweka kichwa laini kinachotanuka, na kile chepesi kidogo huruka karibu sawa na .30-06. Kwa nyati unaweka kichwa kizito, na kigumu kikihitajika. Mara nyingi hutoboa upande hadi upande, na matundu mawili humwaga damu inayofuatika. Kwangu mimi niliyefuata matone yale hadi giza likaingia, hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko jouli zote.

Yupo mwenzangu aliyeniambia, "Badala ya kuchagua risasi, dai uwindaji ufungwe kabisa." Namheshimu. Kenya ilifunga mwaka 1977, na Uganda nayo ikafunga mwaka 1979. Lakini mwaka 2001 uwindaji wa wageni ulirudishwa kwa majaribio katika ranchi zinazozunguka Mburo, ili wenye ardhi wapate faida kutokana na wanyama wanaokula majani yao. Huo ni mjadala mwingine, na uendelee. Wakati tunajadili, milio inasikika. Maadamu milio inasikika, swali la risasi gani lipo.

Na swali hilo ni letu. Mto Rwizi huu unaopita hapa Mbarara hushuka kwenye maziwa na ardhi oevu za Mburo na Nakivale, eneo moja linalotambuliwa kimataifa kwa Mkataba wa Ramsar tangu 2006. Maji hayana uzio, na wanyama hawasomi ramani. Kwetu viboko huingia mashambani usiku na kula mahindi ya watu ambao hata tochi hawana. Vijana wa Misiera huenda kuchunga ng'ombe wa watu kwenye ranchi. Mama zetu hutafuta kuni kwa miguu. Hakuna kati yao aliyewahi kuulizwa kuhusu kipenyo cha mtutu. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hapa mkuki unaanza kwa mnyama na kuishia kwa binadamu, ila si binadamu yule aliyeurusha.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba risasi ni hiari ya mwindaji, kama chumvi kwenye mchuzi wake. Tanzania kwa miaka mingi imeweka .375 kuwa kipimo cha chini kwa nyati na tembo. Nadai kipimo hicho kishikwe bila msamaha kuzunguka Mburo, hata mgeni akiwa tajiri na bunduki yake nyepesi ikiwa na nakshi za dhahabu. Nadai pia kila mgeni apige shabaha mbele ya mwongozaji kabla ya kutoka kambini, na akishindwa abaki. Na mnyama akijeruhiwa, wachungaji na wanaotafuta kuni wapewe habari siku ileile, kabla giza halijaingia, wala wasiachiwe kuambiwa na tai.

Wenzangu wa hosteli, mkitaka kuendelea na mjadala, mlango wangu uko wazi. Ila safari hii, kabla hamjasema ni risasi gani mnaipenda, mniambie kwanza ni nani atakayepita kesho asubuhi kwenye kichaka kile.