Tunabadili makocha wa kriketi, wanafunzi wako wapi?

Mnamo Agosti 2024, wapenzi wa kriketi nchini walitangaziwa kwamba timu yetu ya taifa ya wanaume ilikuwa imepata kocha mpya, Dodda Ganesh, aliyeichezea India mwaka wa 1997. Baada ya mwezi mmoja hivi, bodi ya chama ilikataa kumwidhinisha, ikitaja vifungu vya katiba yake. Lameck Onyango, mchezaji wetu wa zamani, akakabidhiwa kikosi akishike kwa muda.

Habari hizo zilinikuta nyumbani Mosocho, kilomita chache kutoka mjini Kisii. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye husoma gazeti kuanzia ukurasa wa michezo, alinisimamisha njiani akaniuliza: "Daktari, wewe ni msomi wa lugha. Mtu anayetangazwa kuwa kocha kabla wenye uwezo wa kumwajiri hawajakubaliana, Kiswahili chake ni nini?" Nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimelitafakari jambo hili, na nadhani tunauliza swali lisilo lenyewe.

Kila kiti cha kocha kinapobaki wazi, mjadala huwa ni ule ule: je, tumlete mgeni au tumpe mzalendo? Hoja za pande zote mbili zimekwisha kujaribiwa. Baada ya mwaka wa 2003 tulipata Andy Moles, Mudassar Nazar, Roger Harper, Andy Kirsten, Eldine Baptiste, Mike Hesson na Robin Brown. Hao ni wageni saba katika muda wa takriban miaka kumi. Kisha tukawageukia wenyeji, wakiwemo Steve Tikolo, Thomas Odoyo na Maurice Odumbe, magwiji ambao hakuna awezaye kusema hawaujui mchezo huu. Wageni walikuja wakaenda, na wazalendo wakaja wakaenda, huku timu ikizidi kudidimia. Mnamo Januari 2014 tulipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja, na mwaka wa 2018 tukashushwa daraja kule Namibia. Ni dhahiri kwamba pasipoti ya kocha si kiini cha maradhi yetu.

Kiini ni nini basi? Naomba msomaji aniwie radhi nikitumia mfano wa taaluma yangu.

Nilikuwa mwanafunzi mwaka wa 1996 redio ilipotuletea habari kwamba Kenya imeishinda West Indies kwa mikimbio 73 mjini Pune, nchini India. Sisi wa Mosocho hatukujua wiketi ni nini, lakini tulishangilia. Kocha wakati huo alikuwa Hanumant Singh, Mhindi. Miaka saba baadaye, chini ya Mhindi mwingine, Sandeep Patil, tuliilaza Sri Lanka jijini Nairobi na Zimbabwe huko Afrika Kusini, tukafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ni kweli kwamba New Zealand walikataa kuja Nairobi wakatuachia pointi za bure, lakini Sri Lanka hawakutupa chochote bure.

Sasa tuwatazame waliocheza katika enzi hiyo. Kulikuwa na akina Tikolo: Tom, David na Steve. Kulikuwa na akina Odumbe, Edward na Maurice. Akina Suji, Martin na Tony. Na akina Obuya, yaani Kennedy, David na Collins. Hizi ni nyumba, ndugu msomaji. Mdogo aliuokota mchezo kwa kumtazama kaka yake, kama vile mtoto anavyookota maneno ya mama yake bila kufunguliwa kitabu cha sarufi. Akina Hanumant Singh na Patil hawakuja kuwafundisha wachezaji wetu kusema; waliwakuta wakisema, nao wakawafundisha ufasaha.

Sisi wanaisimu tunajua jinsi lugha inavyokufa. Haifi siku mzee wa mwisho anapozikwa. Huanza kufa siku watoto wanapoacha kuitumia wachezapo. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano: majirani zetu Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, vizazi kwa vizazi, wamehamia Kijaluo, na leo Kisuba kimo katika orodha ya lugha zilizo hatarini. Hapana mwalimu, hata awe na shahada ngapi, awezaye kuiokoa lugha kwa kuwafunza ufasaha watu wazima kumi na watano. Na ndivyo tunavyomwagiza kila kocha mpya afanye: tunampa watu wazima kumi na watano, tunampa mashindano mawili, kisha tunamwita mwongo asipoleta kombe.

Najua nitaambiwa kwamba chama hakina fedha, na kwamba misaada kutoka nje hutegemea ushindi wa leo, si watoto wa kesho. Hoja hiyo ina uzito. Timu isiposhinda hushuka, na ikishuka mfuko nao hupungua. Lakini hoja hiyo ndiyo iliyotuongoza miaka ishirini na zaidi, na imetufikisha hapa tulipo. Isitoshe, kumfunza mtoto si ghali kama tudhaniavyo. Fundi seremala wa Mosocho anaweza kuchonga gongo la kuchezea kutokana na ubao. Mpira wa tenisi unatosha kuanzia. Uwanja wa shule ya msingi tayari upo. Kinachokosekana ni mwalimu aliyeonyeshwa jinsi ya kuufunza mchezo huo, tena kwa lugha ambayo yeye na watoto wake wanaielewa.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Hata waandishi wetu hawajakubaliana juu ya istilahi: huyu huandika mikimbio, yule alama. Mwaka jana mpwa wangu wa miaka kumi aliniuliza, "Mjomba, kriketi ni mchezo wa Wahindi?" Nilimjibu kwamba ni mchezo wa yeyote aujuaye. Aliponitaka nimweleze unavyochezwa, mimi niliyehitimu hadi shahada ya uzamifu nilijikuta nikigugumia, nikitupia neno la Kiingereza katika kila sentensi. Akachoka, akaenda zake kucheza kandanda. Mchezo usioelezeka kwa lugha ya uwanjani hauwezi kutoka katika vilabu vichache vya jiji.

Kwa hivyo kocha ajaye achaguliwe kwa utaratibu tofauti. Kwanza, nafasi itangazwe, wanaoiomba wahojiwe, na bodi iidhinishe kabla ya jina kutolewa hadharani. Aibu ya 2024 isirudiwe. Pili, apewe mkataba wa miaka minne usiovunjwa kwa sababu ya mashindano mamoja mabaya. Tatu, na hili ndilo kuu, mkataba huo umlazimishe kuacha urithi: awe na msaidizi Mkenya atakayekirithi kiti, na kila mwaka awafunze walimu wa shule za msingi katika kaunti kadhaa, kwa mwongozo ulioandikwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ihesabiwe sawa na ushindi uwanjani. Atakayekataa masharti hayo, awe wa Mumbai au wa Ruaraka, tumshukuru na tumwache aende.

Mwalimu yule mstaafu bado hajapata neno la Kiswahili alilolitaka. Nilipompelekea mawazo haya, aliyasoma polepole, akavua miwani, akaniuliza kama chama kingekubali kumwonyesha mtu mzima kama yeye jinsi ya kulishika gongo. Nilimwambia sijui. Akasema watoto thelathini wa jirani humaliza masomo saa tisa na nusu, na yeye hana kazi alasiri.