Mtuhumiwa si Mhalifu: Tamthilia ya Upelelezi na Historia ya Mwanza

Katika NYPD Blue (1993–2005), tamthilia ya televisheni kuhusu wapelelezi wa jiji la New York, Andy Sipowicz mara kadhaa humpiga mtuhumiwa ili akiri. Mtazamaji humhesabu kuwa shujaa, kwani mara nyingi tamthilia imekwisha kumhakikishia kwamba aliyepigwa ndiye mhalifu. Hakikisho hilo hupatikana katika sanaa tu. Mwaka 1976 watuhumiwa wa mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Waliokufa walikuwa bado hawajahukumiwa na mahakama.

Kimofolojia, mtuhumiwa ni nomino itokanayo na kauli ya kutendwa: yaeleza alilotendewa mtu, yaani kutuhumiwa, haielezi alilotenda. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), huilinda tofauti hiyo kwa kufumbua mafumbo kwa hoja badala ya ngumi. Yafaa wahakiki wa tamthilia za upelelezi waanzie hapo, kabla ya kusifu uhalisia wa kipigo.