Mwacheni Mtoto na Vinasaba Vyake

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa msemo huo wazazi wa Uingereza wanashawishiwa wakubali kitu ambacho kwa sehemu kubwa si kinga wala tiba. Mwezi Juni 2025 serikali yao ilitangaza azma ya kusoma jenomu, yaani vinasaba vyote, ya kila mtoto anayezaliwa England, lengo litimie ndani ya miaka 10. Majaribio yameshaanza: mradi wa Genomics England unalenga watoto 100,000. Damu huchukuliwa kwenye kitovu mara mtoto anapozaliwa, ikatafutwe magonjwa adimu zaidi ya 200. Ukihoji, unajibiwa kwa swali: kujua mapema kuna ubaya gani?

Penye dawa, hakuna. Mtoto mwenye selimundu akigunduliwa kwa tone la damu ya kisigino, huanzishiwa penisilini kabla maambukizi hayajamwahi. Tanzania, ambako watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka, kipimo hicho kikifika kila zahanati nitakuwa wa kwanza kushangilia. Kinauliza swali moja, kinajibu, na tiba ipo.

Jenomu haina mpaka huo. Ndani yake mna hatari za saratani za ukubwani, na siri za baba, mama na ndugu ambao hawakuulizwa. Wasimamizi wanajitetea kwamba mzazi ataambiwa tu magonjwa yanayoweza kushughulikiwa utotoni. Vizuri. Lakini hayo mengine hayafutwi. Yanawekwa, na mwenyewe ataulizwa akitimiza miaka 16. Kumwomba mtu ruhusa ya jambo lililokwisha kufanyika ni kumpa taarifa tu.

Anayesema hifadhi hizo ni salama atazame New Jersey, Marekani. Huko karatasi zenye damu kavu ya watoto wachanga zilikuwa zikitunzwa miaka 23. Mwaka 2022 ofisi ya mawakili wa utetezi wa umma ilifungua kesi, ikieleza kwamba polisi walichukua damu ya mtoto iliyotolewa miaka ipatayo tisa nyuma, wakaitumia kumfikia baba yake kwa uhalifu wa 1996. Mhalifu na ashtakiwe, sibishi. Lakini mama aliyemshika mwanawe achomwe kisigino aliambiwa ni kwa ajili ya afya. Na hayo ni matone tu. Jenomu iliyokwisha kusomwa hata maabara haihitaji tena. Isitoshe, sheria ya Marekani ya 2008 inayozuia bima ya afya kubagua watu kwa vinasaba haikugusa bima ya maisha.

Watetezi watasema: mtoto akiugua baadaye, daktari atafungua faili papo hapo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama vinasaba vingekuwa vinaisha. Haviishi. Mtoto atakuwa navyo akiwa na miaka mitano, 20 au 60, na gharama ya kuvisoma imeshuka kutoka mabilioni ya dola hadi mamia. Akiugua, atolewe damu siku hiyo.

Basi sheria iwe fupi: mtoto mchanga apimwe magonjwa yenye tiba ya utotoni, wazazi wapewe majibu, kilichobaki kifutwe. Serikali inayong'ang'ania kukiweka ieleze inamwekea nani, maana mtoto hakuomba.