Kukweza Bei na Kujikweza: Ghala Letu Halijakauka



Juzi, hapa Singida mjini, nilihudhuria kikao cha washairi chipukizi. Kijana mmoja, mwenye kipaji kisichotiliwa shaka, alisoma shairi kuhusu bei za vyakula. Kila alipofika penye kiini cha jambo alikimbilia Kiingereza: bei ilikuwa "exorbitant", na mfanyabiashara aliyeitoza alikuwa "pompous". Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa adabu, "Samahani mwalimu, Kiswahili hakina maneno yenye uzito huo."

Nilinyamaza kwa heshima ya kikao. Hapa sinyamazi.

Tuanze na bei. Kitu kikiwa na thamani kubwa twasema ni ghali, na hapo hatujamlaumu mtu. Bei ikivuka haki yake, huitwa bei ya kuruka. Anayehodhi bidhaa ili aiuze kwa bei hiyo analangua, naye ni mlanguzi. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu na serikali ikiendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, mimi nilikuwa mwalimu kijana. Sukari na sabuni zilikuwa adimu, na neno mlanguzi lilimfanya mtu ageuke nyuma kutazama nani anamtaja. Neno la yule kijana laisema bei kana kwamba imepanda yenyewe, kama moshi. Neno letu lamshika mtu mkono.

Tuje kwenye majivuno. Tuna maringo, kiburi, ujuba, takaburi, majigambo, na kupenda makuu, na kila moja lina mahali pake. Mwenye maringo huweza kuchekesha. Mwenye takaburi huumiza. Hata soko la vitunguu la Misuna lingeweza kumfunza mshairi wetu tashibihi: mwenye majivuno ni lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likafungwa kwa kamba na bado likadai kuwa ni gunia moja.

Lakini tunu kubwa ni kitenzi kimoja: kukweza. Wa pwani hukweza chombo, wakakitoa majini na kukipandisha ufukweni. Mchuuzi hukweza bei. Mwenye majivuno hujikweza. Wahenga waliona kwamba aliyeipandisha bei ya kitu kuliko thamani yake, na aliyejipandisha mwenyewe kuliko utu wake, wametenda kosa moja. Ndiyo maana methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza yawahusu wote wawili.

Najua nitajibiwa kwamba hata "ghali" na "bei" ni za Kiarabu asilia. Ni kweli, wala sigombani na mkopo. Kiingereza nacho ni mkopaji hodari: neno lake la bei lilitoka Kilatini, likimaanisha kutoka nje ya njia ya gurudumu, lile la majivuno lina mzizi wa Kigiriki uliotaja msafara. Mwenye njaa akope. Ninayegombana naye ni yule aendaye kukopa kwa jirani ghala la nyumbani likiwa limejaa, kisha akatutangazia kwamba kwao kuna njaa.

Tena shairi lile liliwatetea akina nani? Mama anayerudi na kikapu kitupu. Mama huyo hakusoma Kiingereza. Amelalamikiwa kwa lugha asiyoijua, na mlanguzi akalala usingizi mnono, kwa kuwa hakuna aliyemtaja jina. Na mshairi anayechagua neno ili aonekane msomi, si ili aeleweke, amefanya kosa lile lile analolilaani: amejikweza.

Kijana wangu, ukisoma haya, usinichukie. Kipaji unacho. Fungua kamusi kabla ya kuihukumu lugha. Nami, kwa kuwa haifai kukosoa bila kutoa, nakuachia ubeti huu:

Mwenye kukweza bidhaa, huyo ndiye mlanguzi,
Ajikwezaye ni baa, si mwalimu si mjuzi,
Lugha yetu yatufaa, kwa shairi na malezi,
Apandaye kwa hadaa, hushuka pasipo ngazi.