SHAMBA NA NYUMBA: Chai ya Majani ya Msunobari

Mlima Kenya hauna msunobari wake wa asili. Misunobari ionekanayo katika mashamba ya miti ya serikali, upande wa Meru hata Embu, ni mbegu ya ugenini, na ule wenye majani marefu yaning'iniayo asili yake ni Meksiko. Majani yake yaweza kutiwa birikani, na desturi hiyo si mpya duniani. Katika majira ya baridi ya 1535 hata 1536, mabaharia wa Jacques Cartier, Mfaransa, walinaswa na barafu huko Kanada wakashikwa na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Watu 25 hivi walikufa kabla ya wenyeji kuwaonyesha mti mmoja usiopukutisha majani. Waliosalia wakachemsha majani na maganda yake, wakapona. Mji wa Leningrad nao ulipozingirwa na Wajerumani tangu 1941, majani ya msunobari yalitumiwa kwa haja iyo hiyo.

Atakaye kujaribu na achume majani machanga, mbali na barabara yenye vumbi na mahali palipopuliziwa dawa. Ayaoshe, aondoe ile sehemu ya kahawia iliyo shinani, kisha ayakatekate. Konzi moja yatosha birika ndogo. Maji yachemke kwanza, yaepuliwe, ndipo majani yatiwe na birika ifunikwe kwa dakika 10. Kuyatokosa sana hupunguza vitamini na kuleta uchungu wa utomvu. Asali kidogo huifaa. Maziwa hayaifai kabisa.

Hatari iko katika kutoujua mti. Majani ya msunobari ni membamba kama sindano, nayo hufungamana, mara nyingi matatu matatu, katika ala moja. Saiprasi ya uani, na mutarakwa uliokomaa pia, ina majani madogo kama magamba ya samaki yaliyolalia kijiti. Hayo si ya birika. Podo, ambayo majani yake ni mapana kidogo na huota moja moja, nayo iachwe.

Mwenye ng'ombe ana neno kubwa zaidi la kuangalia. Huko New Zealand ng'ombe wameharibu mimba kwa kula saiprasi ya aina ya makrokapa, na katika Marekani ya magharibi kwa kula majani ya msunobari wa aina ya ponderosa. Basi apogoaye ua wa saiprasi wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimeadimika, asiyatupe matawi horini. Hasara ya ndama mmoja ni kubwa kuliko taabu ya kutafuta matete mtoni. Kwa sababu iyo hiyo mama mja mzito asiinywe chai hii, hata kikombe kimoja.

Msitu wa serikali una sheria zake, na achumaye humo sharti kwanza apate ruhusa. Ama kwa habari ya vitamini C yenyewe, pera bivu la Embu lina kiasi cha mara nne ya chungwa la uzito ule ule, wala halihitaji kuni.