Mwizi wa Ng'ombe Hazaliwi Mwizi

Ndugu msomaji, hapa Bariadi ng'ombe ni mali. Ng'ombe hulima. Hutoa maziwa. Hutolewa mahari. Mtu akiibiwa ng'ombe, nyumba nzima hulia.

Wazee wanakumbuka miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979. Bunduki zilizagaa na wizi wa ng'ombe ulizidi. Wakati huo Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Wanavijiji wakaunda Sungusungu. Walishika pinde na mishale. Mwano ukipigwa, wanaume walitoka kufuata nyayo. Mwaka 1989 sheria ya nchi iliwatambua.

Kazi yao ilikuwa kubwa. Lakini Sungusungu humfuata mtu aliyekwisha kuwa mwizi. Je, nani alimfanya awe mwizi?

Mimi naona mambo huanza nyumbani. Mtoto analeta kuku. Baba haulizi kuku ametoka wapi. Mama anampika. Wote wanakula. Siku hiyo mtoto amepata somo. Kesho ataleta mbuzi. Akikua ataleta ng'ombe.

Jirani naye ana sehemu yake. Analetewa nyama usiku kwa bei ndogo. Anajua ni ya wizi, lakini ananunua na kunyamaza. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa katika sheria.

Jirani mwingine humwita mtoto wa mwenzake mwizi, kwa kuwa baba yake aliwahi kufungwa. Watoto wengine wanakatazwa kucheza naye. Basi atakwenda kwa nani? Atakwenda kwa wezi, maana hao ndio wanaomkaribisha.

Wengine husema wizi huletwa na umaskini. Ni kweli, kijana asiye na shamba wala mahari hushawishika upesi. Lakini maskini wengi wamelea watoto waaminifu. Walifanyaje? Waliuliza. Mtoto akileta kuku wa watu, walimrudisha pamoja naye kwa mwenye kuku.

Ndugu msomaji, mtoto wako akileta kitu usichokijua, uliza. Mtoto wa jirani akianza kupotea, mwite. Mwonye kama wako. Mpe kazi, mle pamoja. Samaki mkunje angali mbichi. Tusingoje mpaka mwano upigwe.